Damu ya Kopo

Watu wa mtaa wetu wa Likombe wakikwambia Bi Asia hana siri, usibishane nao. Akipiga chafya jikoni kwake, mtaa wa nyuma wanamwombea rehema. Akinunua kanga, maneno yake tunayajua kabla hajaifunga kiunoni. Kwa hiyo siri moja aliyowahi kuificha maishani mwake ilimkaa vibaya, kama kiatu cha kuazima, na wala hakufika nayo mbali.

Kisa kilianzia kliniki. Mkamwana wake Farida, mke wa mwanawe Idrisa, alikuwa na mimba ya miezi sita. Ilikuwa mimba ya kwanza, na mimba ya kwanza huku kwetu ina kwao. Binti ataolewa, atahamia kwa mume, atapika na kufua mpaka mikono imchubuke, lakini tumbo la kwanza likikaribia siku zake atarudi kwa mama yake mzazi kujifungua. Mama ndiye atakayemkanda kwa maji ya moto, ndiye atakayemkorogea uji wa pilipili manga, ndiye wa kumpakata mtoto mwanzo. Mama mkwe atangoja habari kama jirani mwingine yeyote. Kwao Farida ni Mahurunga, kule mto Ruvuma unakoikaribia bahari, na mama yake, Bi Somoe, hakuacha kuulizia binti anarudi lini.

Bi Asia alijaliwa mtoto mmoja tu, huyo Idrisa, na mumewe alifariki Idrisa akiwa bado hajaanza shule. Nyumba ile ilikuwa kimya miaka mingi. Aliposikia Farida ana mimba alianza kuzungumza na tumbo, maana bibi na mjukuu ni watani na yeye hakuona sababu ya kungoja mtani wake azaliwe kwanza. "Mume wangu ameamkaje?" alilisalimu tumbo kila asubuhi. "Na kama ni mke mwenzangu aliyemo humo, atoke tupambane, nyumba haina vyumba viwili vya bibi harusi." Farida alicheka akajifunika uso kwa mtandio. Lakini usimwone mtu anatania ukadhani ana raha. Bi Asia alitaka mtoto yule azaliwe mjini, aletwe nyumbani kwake akiwa bado ananukia uzazi, na kilio chake cha usiku wa kwanza akisikie yeye. Alilitaka jambo hilo kwa moyo wote, na kwa mila hakuwa na haki hata ya kulitamka.

Siku hiyo kliniki, nesi Modesta, mwanamke mrefu kutoka Mbinga asiyecheka bila sababu, alimchoma Farida kidole, akapima, akakunja uso.

"Damu yako ndogo. Tisa. Nataka nione kumi na moja. Ikipanda, nenda kwenu Mahurunga ukajifungulie zahanati ya pale, sina neno. Isipopanda, huko usahau. Utajifungulia hapa mjini."

Bi Asia alikuwa amekaa kwenye benchi, amefumba macho kama mtu anayesinzia. Masikio yake hayakusinzia hata kidogo.

Farida alipotoka kwenda kupima mkojo, nesi akamgeukia Bi Asia. "Mama, jikoni ni wewe?"

"Ni mimi, na yeye ananisaidia."

"Basi apate kisamvu, kunde, dagaa, maini mkijaliwa. Vidonge vya damu asikose. Halafu chai. Chai asinywe na chakula, wala asimezee vidonge. Inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Akiitamani, angoje kama saa mbili baada ya kula. Utamweleza?"

"Nitamweleza," akasema Bi Asia.

Na alikusudia kumweleza, tusimsingizie. Walipofika njia panda ya kuelekea nyumbani alikwisha kupanga maneno. Lakini Farida alitangulia kusema. "Mama, tukifika natamani chai ya tangawizi, na andazi. Mwili wote unaitaka."

Bi Asia akapiga hesabu. Farida bila chai ni Mahurunga. Farida na chai yake ni mjini, Likombe, palepale. Shetani anayesifika kwa kuvunja ndoa na kugombanisha falme, siku hiyo hakudharau kuingia kwenye birika.

"Tutaichemsha, mwanangu," akasema.

Jioni ya siku chache baadaye Idrisa alirudi kutoka bandarini, anakofanya kazi ya kupakua shehena, na katoni mbili kichwani. Mpishi wa meli moja ya kigeni alikuwa amemgawia. Ndani yake mlikuwa na makopo marefu, na juu ya kila kopo imechorwa nyanya nono yenye umande, na maandishi ya lugha ambayo hakuna mtu Likombe aliyeisoma. Ilikuwa masika, nyanya sokoni zilikuwa ghali na nusu yake zimeoza, hivyo zawadi ilipokelewa kwa vigelegele.

"Ni juisi," Idrisa akasema. "Mabaharia wenyewe hawaitaki, sijui kwa nini."

Alijua baada ya dakika moja. Alitoboa kopo, akajimiminia glasi, akaigugumia kama anavyogugumia juisi ya ukwaju, na uso wake ukajikunja kama kanga iliyokamuliwa. "Ina chumvi! Juisi gani ina chumvi, mama? Hii wametusahaulia sukari, au wametusahaulia samaki?"

Bi Asia hakumsikiliza. Alikuwa ameishika glasi mbele ya mwanga wa mlangoni, anautazama ule wekundu. Ulikuwa mzito, wa ndani, unashuka taratibu kwenye kioo.

"Hii ni damu," akasema.

Msimcheke. Huku kwetu chochote chekundu ni damu. Rozela ni damu, bitiruti ni damu, na ninamfahamu mwanamume mzima wa mtaa wa Chuno aliyetoka kuumwa malaria akanywa soda nyekundu wiki nzima kwa imani hiyohiyo, na mpaka leo anasema ndiyo iliyomwinua. Bi Asia alipoiona juisi ile hakuhitaji nesi wala daktari. Tena ilimjia wakati moyo wake unamsuta, na dawa ikija wakati mtu anasutwa haiulizwi imetoka wapi. Chai inatoa damu, kopo linarudisha. Mtoto atakuwa salama, Farida atakuwa salama, na kama damu itabaki palepale ilipo, si juu wala chini, basi hiyo ni kudra ya Mwenyezi Mungu na si kazi ya Bi Asia. Ndivyo alivyoitandikia dhamiri yake kitanda, akailaza.

Kuanzia kesho yake nyumba ikawa nyekundu. Asubuhi Farida alipewa glasi imekamuliwa ndimu na kutiwa pilipili kidogo. Alifumba macho, akaziba pua, akameza. Mchana juisi iliingia kwenye mchuzi wa changu, na hapo, lazima niseme haki, ilifaa sana, mchuzi ulikuwa laini na wenye ukali wa kupendeza. Iliingia kwenye wali ukatoka na rangi ya machweo. Pweza alilazwa ndani yake tangu alfajiri mpaka adhuhuri, na alipochemshwa hakuhitaji kupigwa mwichi ili alainike. Bi Fatuma wa nyumba ya pili alikuja kuazima kopo kwa ajili ya maharage yake. Bi Asia akagundua kwamba hata sinia la shaba la marehemu mama yake, lililokuwa jeusi miaka na miaka, ukilisugua kwa juisi ile na chumvi linang'aa mpaka unajiona meno.

"Mama," Idrisa akauliza siku moja akiwa amekaa mbele ya sahani nyekundu, "kesho nitapigia mswaki?"

"Kula. Wewe nawe ungeongezewa damu usingechelewa kazini."

Sifa zikaenea. Kwenye mikeka ya arobaini ya jirani, Bi Fatuma aliwaambia wanawake kwamba mama mkwe kama Asia hapatikani tena, kwamba wengine wanawapa wakamwana zao makombo lakini Asia anampa wake juisi ya meli. Bi Asia aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Wote wakadhani ni unyenyekevu.

Maana kila mlo, pembeni ya glasi nyekundu, ilikaa chupa ya chai. Mara mbili Bi Asia aliisogeza nyuma ya mlango akiwa anafagia. Farida akauliza, "Mama, chupa iko wapi?" nayo ikarudi. Mara ya pili Bi Asia aliimimina yeye mwenyewe, na nusu ya kikombe ikamwagika mkekani. Alisema ni presha. Presha anayo kweli, lakini siku hiyo ilisingiziwa.

Kuna jambo jingine alilokuwa halioni, au hakutaka kuliona. Farida alikuwa anapunguza maneno. Mwanzoni alicheka tumbo lake likisalimiwa. Sasa alitabasamu kwa adabu tu akainama kufua. Alikuwa akihema akipanda ngazi tatu za barazani. Jioni alikaa peke yake kwenye kizingiti, amegeukia upande wa kusini, upande wa kwao. Bi Asia akajiambia ni mimba. Mimba hubeba lawama nyingi zisizo zake.

Siku ya kliniki ilipofika tena, Bi Asia alitia kopo moja kwenye mkoba. Alipoingia chumbani kwa nesi alilitoa, akaliweka mezani kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhi mahari.

"Shikamoo mama. Hii ni nini?" akauliza Modesta.

"Marahaba. Damu," akasema Bi Asia. "Ya kopo."

Modesta akaligeuza kopo, akatafuta mahali penye maandishi anayoweza kuyatambua, akaona. Akacheka, yeye asiyecheka bila sababu. "Nyanya na chumvi. Mama, wekundu si damu. Ingekuwa rangi ndiyo damu, ningewapaka wajawazito rangi ya kucha tukamaliza kazi." Halafu akaona uso wa mwenzake umeanguka, akalegeza sauti. "Lakini si kitu kibaya, usikitupe. Nyanya ina vitamini C, na ya kopo hubaki nayo kiasi. Hiyo ndiyo inayoyasaidia madini ya chuma ya kwenye kisamvu na kunde yaingie mwilini. Anywe glasi ndogo pamoja na mboga, sio peke yake asubuhi. Na chumvi mwangalie. Wameshaitia humu, kwenye chungu mpunguze. Na wewe, na presha yako, unakunywa?"

"Naonja tu."

"Unaonja kiasi gani?"

Bi Asia akatazama dari.

Kisha Farida akachomwa kidole, na kicheko kikaishia hapo. Nesi alipima, akapima tena.

"Nane na nusu. Imeshuka." Akamtazama Farida usoni, akamvuta kope la chini, akatazama weupe wake. "Vidonge unameza?"

"Kila siku, dada."

"Unamezea nini?"

"Chai."

"Na chakula unashushia nini?"

"Chai."

Modesta akageuka taratibu. "Mama, si nilikwambia habari ya chai?"

Farida naye akageuka. Bi Asia alitazamwa na watu wawili ndani ya chumba kidogo kisicho na pa kujificha, na yule mwenye maneno kuliko mtaa mzima akapata neno moja tu.

"Nilisahau."

Nesi hakumgombeza, na afadhali angemgombeza. Alivuta kiti, akakaa mbele yao, akaeleza kama anavyoelezwa mtu msiba, bila haraka. Mwanamke akijifungua damu inamtoka, hata mambo yakienda vizuri. Aliye na akiba huinuka siku ya pili akaomba uji. "Asiye na akiba," akasema, akasita. "Nimewaona, mama. Mtoto analia, bibi anampakata, na mwenye mtoto hayupo wa kumsikia. Kwa hali hii Mahurunga haendi. Atajifungulia hapa mjini, hospitali kubwa, karibu na damu ya kuongezewa, tena tumwombe Mungu ipatikane."

Basi Bi Asia akawa amepata alichokitaka. Kimetamkwa na mtaalamu, hakuna wa kumlaumu, hata Bi Somoe mwenyewe angekubali. Mtoto angezaliwa mjini. Na tangu azaliwe yeye mwenyewe, Bi Asia hakuwahi kuogopa kama alivyoogopa dakika ile. Alikuwa amedhani anachezea mahali. Kumbe alikuwa anamchezea mtu.

Walirudi kwa miguu, Farida mbele, yeye nyuma. Waliosalimia njiani walijibiwa na Farida peke yake, na mtaa ukajua papo hapo kwamba kuna jambo, kwa sababu Bi Asia alipita mlango wa Bi Fatuma bila kuuliza wanapika nini.

Nyumbani alichukua chupa ya chai, akaimwaga yote kwenye shina la mgomba. Akaingia ndani, akakaa sakafuni mbele ya Farida, yeye mkubwa chini na mdogo kitandani.

"Farida mwanangu. Sikusahau."

"Najua, mama."

"Unajua?"

"Wewe unakumbuka nani alikupunja mchele mwaka niliozaliwa. Ungesahau neno la nesi?"

Bi Asia akalia. Hakulia kwa mbwembwe kama anavyolia misibani, alilia kimya, pua imejaa, akijifuta kwa ncha ya kanga. Akasema yote. Kwamba alitaka mtoto azaliwe karibu naye. Kwamba nyumba hii imekuwa kimya mno na muda mrefu mno. Kwamba aliposikia kuhusu chai alijiambia haina neno, ni suala la wapi tu, Likombe au Mahurunga, na kopo litaziba pengo. "Sikuwaza kwamba wewe unaweza usiwepo. Wallahi sikuwaza."

"Ungeniua, mama."

"Ningekuua."

Hakuongeza "lakini" baada yake, na hilo ni jambo la kuandikiwa thawabu kwa mwanamke ambaye maisha yake yote hajawahi kukosa "lakini."

Farida akalitazama tumbo lake. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa ndogo. "Mimi nilidhani unanifukuza."

"Nikufukuze?"

"Nesi alisema damu ikipanda niende kwetu. Na wewe toka siku ile unanifuata na glasi. Asubuhi kopo, mchana kopo, hata nikienda msalani nakukuta mlangoni na kopo. Nikasema, mama huyu kanichoka. Anaipandisha damu niondoke. Ndiyo maana nilikuwa nainywa na ubaya wake wote bila kusema neno. Nilijua sitakiwi."

Bi Asia alishika kichwa kwa mikono miwili. Nyanya zote zile, ndimu zote zile, pweza, wali, na binti wa watu anasoma ndani yake barua ya talaka. "Mficha uchi hazai," akasema mwishowe, na ingekuwa siku nyingine wangecheka kwa methali ile kutamkwa mbele ya tumbo kubwa namna ile. "Mwanangu, mimi nakutaka mpaka nimekuwa mwehu."

Farida hakucheka, wala hakumkumbatia. Msamaha si uji kwamba unakorogwa ukaiva. Alilala akageukia ukutani. Lakini kesho yake mchana, kisamvu cha korosho kilipoletwa, aliichukua glasi ya juisi mwenyewe, akaimimina yote juu ya kisamvu chake, akachanganya, akaonja. "Hivi inalika," akasema. Yalikuwa maneno ya kwanza kumwambia mama mkwe wake tangu jana.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa utaratibu wa jeshi. Chupa ya chai ilihamishiwa kwa Bi Fatuma. Vidonge vilimezewa juisi kidogo au maji ya chungwa. Kunde, majani yake, dagaa wa kukaanga, maini kila Idrisa alipopata, na juu ya kila sahani kijiko cha wekundu. Kwenye chungu Bi Asia alitia chumvi kwa ncha ya kidole tu, akilalamika. Farida alipoitamani chai alipewa muda wake, mbali na chakula, na Bi Asia alikaa naye akimtazama kama askari anayemlinda mfungwa aliyempenda. Siku moja Farida aliinua kikombe akasema, "Mama, leo unataka nibaki au niende?" Wakatazamana. Hapo ndipo walipocheka, wakacheka mpaka Idrisa akaja kuuliza nani amekufa.

Damu ikapanda. Kwanza ikafika tisa na ushee, halafu kumi, na tumbo lilipotimiza miezi minane nesi Modesta alipima mara mbili kama kawaida yake, akasema, "Kumi na moja. Mahurunga wanakusubiri."

Kwa hiyo Bi Somoe akaja kumchukua. Alikuwa mwanamke mdogo, mkavu, mwenye haraka, amebeba kikapu cha muhogo na samaki wakavu, na kabla hajakaa alimshika binti yake mashavu, akamgeuza kulia na kushoto. "Amenawiri," akasema. "Mwenzangu, ulikuwa unampa nini?"

"Kopo!" akaitikia Bi Fatuma kutoka barazani, ambaye hakuna aliyemwalika.

Wakaandaliwa chakula. Walipokwisha kunawa, Bi Somoe akaingiza mkono kikapuni, akatoa chupa ya chai iliyofungwa kwa kitambaa. "Namjua mwanangu. Chai ya tangawizi tangu mdogo, hali bila chai. Nimeichemsha alfajiri nikaifunga isipoe." Akamimina kikombe, akakisukuma mbele ya Farida, uso wake unameremeta kwa furaha ya mama anayelisha mtoto wake.

Farida akakitazama kikombe. Akamtazama mama yake, aliyesafiri na chai hiyo njia nzima.

Bi Asia akanyoosha mkono, akakifunika kikombe kwa kiganja. Mvuke ukamchoma, hakuutoa.

"Bi Somoe, nisamehe. Asinywe."

Mama mkwe kumzuilia mama mzazi asimpe mwanawe chai, mbele ya chakula, hilo Likombe haijawahi kulisikia. Bi Fatuma, aliyekwisha kujikaribisha mkekani, aliacha kutafuna.

"Chai na chakula havikai pamoja kwa huyu," akasema Bi Asia, macho chini. "Wala na vidonge. Angoje saa mbili. Mboga apate kila siku, na juu yake nyanya, au ndimu, au chungwa, chochote kichachu. Ukiona anahema sana, usingoje, mpeleke. Hayo niliambiwa mimi na nesi, nimweleze yeye. Nikayaficha. Nilitaka damu isipande, azalie huku. Ikashuka mpaka karibu tumpoteze. Sasa ninakwambia wewe unayemchukua, usije ukasema hukuambiwa."

Bi Somoe alikivuta kikombe kutoka chini ya kiganja cha mwenzake, akakinywa mwenyewe, kidogo kidogo, mpaka chini. Akakiweka.

"Huyu Farida," akasema, "nilimzaa kwa mama mkwe wangu. Unajua hilo?"

"Sijui."

"Masika yale Ruvuma ilifurika, njia ya kwenda kwa mama yangu ikakatika. Nikangoja maji yapungue. Kila siku nauliza, na kila siku mama mkwe ananiambia bado. Uchungu ukanikuta hapohapo kwake. Mama yangu alilia mwezi mzima." Alikigeuzageuza kikombe mkononi. "Maji yalikuwa yameshapungua zamani. Aliniambia mwenyewe, siku anakufa. Miaka yote ile alinibebea mtoto mgongoni na ile siri juu yake. Wewe umeniambia mtoto angali tumboni."

Akainuka, akajipangusa makombo, akaanza kukusanya vitu vya binti yake kwa haraka zake. Mlangoni akageuka.

"Uchungu ukianza nitakupigia simu. Hata ikiwa usiku wa manane. Usipopokea, shauri yako."

Tangu siku ile, ukimpigia Bi Asia na ukasikia sauti yake kabla simu haijamaliza kuita mara moja, usijisifu. Atakusalimu vizuri, atakuuliza hali ya watoto, halafu atakwambia ukate upesi. Simu anayoingoja si yako.